Blanketi Ziko Chini

Gatini, 4 Machi

Mama Pacha,

Jana simu zetu zimekusanywa kwenye ndoo ya plastiki, moja baada ya nyingine, kama watoto wanaonyang'anywa gololi darasani. Kwa hiyo mumeo amerudi kwenye kalamu, na mwandiko utanisamehe. Tangu nimalize shule sijaandika kitu kirefu kuliko orodha ya mizigo.

Natumaini wewe na pacha hamjambo. Waambie ile meli waliyoiona kwenye televisheni, yenye mlango mkubwa nyuma, ndiyo ninayolala ndani yake. Mlango ukifunguliwa, maji ya bahari yanaachiwa yaingie hadi kwenye tumbo la meli, boti za kutua zinaelea humo humo, kisha zinatoka zenyewe. Yule mwoga mwambie haizami. Nimeuliza mara mbili.

Siku naondoka uliniuliza jeshi hili la kutumwa linapangwaje, nikakwambia nitakueleza nikirudi, ukaninunia. Haya, chukua. Lina viungo vinne. Kichwa ni makao makuu, yaani kanali, ramani zake na watu wa redio. Miguu ni kikosi cha askari wanaoshuka ufukweni. Mabawa ni helikopta. Tumbo ni sisi watu wa ugavi, na usicheke. Vyote vinne viko chini ya amri ya mtu mmoja, vinasafiri pamoja katika meli tatu, na tunabeba kila kitu cha kututosha siku kumi na tano bila kuomba hata kijiko. Tuko askari elfu moja na mia mbili. Mama yako anapenda kututania sisi askari wa majini kwamba ni majini kweli, mashetani ya baharini. Mwambie mashetani hawali kiasi hiki.

Tunakwenda kama redio ilivyosema, kuvuka bahari na kuwasaidia watu wa mafuriko ng'ambo. Ni wiki tatu, labda nne. Mimi sishuki. Sajini wa upakiaji hubaki na meli yake. Mpigie dada yako umwambie shemeji yake yuko njiani na mzigo.

Na mzigo wenyewe unakwenda vizuri. Leo tumeanza alfajiri, na blanketi zote elfu sita zimeingia kabla ya chai ya saa nne. Ziko chini kabisa, zimekazwa kamba, juu yake mapipa ya maji. Nimeziwekea alama kwenye rejista, nikapumua. Kesho tunaendelea na vingine.

Barua zinatoka wazi. Kuna afisa usalama mpya, tunamwita Miwani, anasoma kila mstari na kufuta asichokipenda. Ni kijana wa vitabu. Hajawahi kupakia hata begi la shule.

Nawakumbuka sana. Nyumba ya chuma haina harufu ya nyumbani.

Baba Pacha

*

Nyumbani, 9 Machi

Baba Pacha,

Sisi wazima. Wengine huandika "hofu ni kwako" kwa mazoea tu. Mimi leo naiandika nikiwa na hofu kweli, na nitakueleza kwa nini.

Barua yako imefika na muhuri, na ile idadi yenu imepakwa wino mweusi. Blanketi hazikufutwa. Nimeisoma jikoni, nikaisoma tena kazini juu ya meza yangu pale ghalani, huku wapagazi wananisubiri niwaambie katoni zipi zitangulie. Baba Pacha, unamwandikia nani? Umesahau tulikutana wapi? Ulikuja kuchukua dawa za jeshi, ukataka lori lipakiwe kama unavyojua wewe, nikakwambia zahanati ya mwisho ndiyo inaingia mwanzo, na ya kwanza inakaa mlangoni. Ukanijia juu mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata ukarudi bila lori. Kazi yangu ni hiyo miaka kumi na moja sasa. Kilichoingia kwanza kinatoka mwisho.

Sasa nieleze kama unavyomweleza mtu mzima. Nani anakwenda kuwasaidia watu waliolowa, halafu blanketi na maji anaviweka chini kabisa, siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne? Kama hivyo ndivyo vinatoka mwisho, mlangoni mnaweka nini?

Siulizi kwa umbeya. Dada yuko kule. Karakana yake ya kushona iko nyuma ya ghala la forodha, hatua mia mbili kutoka bandarini, na wewe umeshakula pale. Nimempigia jana. Anasema maji yamerudi chini ya kifundo cha mguu, cherehani nne kati ya sita zimepona, lakini wapo watu wenye silaha wamekaa bandarini tangu wiki mbili zilizopita na hakuna anayejua wanamtii nani. Hili redio yetu haijalisema. Fundi Saa hataki kuhama. Unamjua shemeji yangu yule, na mguu wake mbovu na meza yake ya saa zilizokufa, anasema akitoka hapo wezi watamaliza kila kitu. Dada ananisikiliza mimi. Basi la kwenda milimani kwa wakwe zake linaondoka kila Jumamosi.

Nijibu neno moja. Aondoke au abaki?

Pacha wanakusalimu. Mkubwa amechora meli yenye viungo vinne, tumbo ndilo kubwa kuliko vyote.

Mama Pacha

*

Baharini, 13 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeipata ikiwa imefunguliwa. Nilikuwa sijui kwamba zinazoingia nazo zinasomwa.

Nina maswali na naomba unyooshe maelezo. Nani amekuambia uniulize kuhusu mpangilio wa mizigo? Barua yangu ameiona nani mwingine pale ghalani? Uliiacha mezani? Yule mpangaji mpya wa chumba cha mbele, ambaye uliniambia anapenda sana kuzungumza na wewe uani, anafanya kazi gani hasa, na amewahi kuuliza niko wapi?

Sikushutumu. Tumeelezwa kwamba wapo watu wanaojipendekeza kwa wake za askari, wanaanza na habari za watoto, wanamalizia na habari za meli. Mtu anaweza kutumika bila kujua.

Ile barua yangu ya tarehe 4 ichome. Ukishaichoma niandikie kwamba umeichoma.

Mambo ya kule, sikiliza redio.

Sajini wa Upakiaji, Kikosi cha Ugavi

*

Nyumbani, 17 Machi

Kwa Sajini wa Upakiaji, Kikosi cha Ugavi,

Nani ameniambia nikuulize? Mimi. Nina kichwa changu mwenyewe, na kipo juu ya mabega tangu kabla hujanioa.

Mpangaji wa chumba cha mbele ni fundi wa meno. Anazungumza na kila mtu kwa sababu mchana kutwa anakaa na watu waliofumbuliwa midomo ambao hawawezi kumjibu. Aliniuliza habari zako mara moja, nikamwambia uko kazini, akaanza habari za magego. Huyo ndiye jasusi wako.

Barua sijaichoma. Imo kwenye droo na hati ya ndoa. Ukitaka ichomwe, njoo uichome.

Juzi walikuja wanaume wawili ghalani, mashati meupe, mikono nyuma. Wamezungumza na meneja wangu robo saa mlango umefungwa. Walipotoka, mmoja akasimama mbele ya meza yangu akaangalia ramani zangu za malori kama anaangalia picha za uchi. Akauliza, "Dada, hizi namba ni za nini?" Nikamwambia ni katoni za dawa za minyoo. Akaandika. Tangu hapo wapagazi wangu wakiniona wananyamaza. Nimekaa pale miaka kumi na moja sijawahi kunyamaziwa. Mume wangu, wametokea wapi watu hawa? Barua yangu ilikuja kwako. Nani aliwapa jina la ghala ninalofanyia kazi?

Umenisainia kwa cheo. Mara ya mwisho kunisainia kwa cheo ilikuwa kwenye barua ya posa, na hapo ulikuwa unatetemeka. Nimekaa nikawaza, huyu anatetemeka tena.

Basi sitaki siri zako. Sikuulizi mtashuka wapi wala lini. Niambie tu kitu gani kiko mlangoni, na mimi nitajua la kumwambia dada. Amekata tiketi ya basi la tarehe 29, lakini Fundi Saa anamvuta shati. Ananisubiri mimi, na mimi nakusubiri wewe.

Mkeo, kama bado

*

Baharini, 21 Machi

Mpenzi wangu Mama Pacha,

Nisamehe. Barua yangu iliyopita iliandikwa na mtu aliyekuwa na homa na njaa ya usingizi. Wewe ni mke wangu mpenzi na sina shaka hata chembe. Wale watu wawili ni utaratibu tu, huzipitia familia nyingi, usiwaweke moyoni.

Umeuliza kuhusu mlangoni, na nimeruhusiwa kukueleza maana hakuna la kuficha. Ule mpangilio wa mwanzo ulikuwa kosa la kanali wa zamani, aliyeandika orodha akiwa ofisini. Tulipotia nanga siku tatu tumepanga upya. Sasa blanketi ziko mlangoni, mpenzi, pamoja na mapipa ya maji na hema la zahanati, na mashine ya kuzoa matope iko kwenye boti ya kwanza. Madaktari wawili wanatangulia, askari wa miguu wanafuata wakiwa na makoleo. Hata helikopta kazi yake ni kubeba wagonjwa. Ungeona, ungecheka, jeshi zima limegeuka kuwa watu wa usafi.

Kwa hiyo shemeji asihangaike. Aliye karibu na bandari ndiye atakayehudumiwa mwanzo. Mwambie Fundi Saa aniwekee ile saa ya ukutani aliyoniahidi, nitaichukua nikipita.

Pacha wabusu kwa niaba yangu. Nakupenda, mpenzi. Mambo yote ni shwari.

Baba Pacha

*

Nyumbani, 26 Machi

Baba Pacha,

Umeniita mpenzi mara nne. Kwa kawaida hiyo ni akiba ya mwaka mzima. Mama ameisoma akasema, "Huyu ama amelewa ama amekosa." Nikamwambia bahari inalainisha watu.

Nitasema kweli, nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta uongo. Nimeigeuza nyuma. Nimeishika kwenye mwanga wa dirisha. Ningeweza kuwa mmoja wa wale wenye mashati meupe. Halafu nikajionea haya. Nikasema, mwanamume amejieleza kitu kwa kitu, kama nilivyomwomba, na mimi bado namkagua kama mwizi. Ndoa gani hii?

Kwa hiyo juzi nimempigia dada. Nimemwambia shemeji yako mwenyewe ndiye aliyepakia, blanketi ziko mlangoni, madaktari wanatangulia, kaa nyumbani usiteseke na barabara. Alifurahi sana. Nafasi ya basi amempa jirani yake mwenye mtoto mchanga. Nilimsikia Fundi Saa nyuma yake akisema, "Si niliwaambia?"

Limebaki jambo moja dogo, na ni la kikazi tu. Umesema mmepanga upya mkiwa mmetia nanga. Ghala langu likijaa, siwezi kugeuza mzigo mpaka nitoe nusu nje uwanjani. Ninyi meli imejaa hadi mlangoni na pande zote ni maji. Mlivitolea wapi? Nimewaza pengine mlitumia boti, au sitaha, lakini sitaha ni ya helikopta. Nijibu ili niache kuwaza. Najua ni ujinga wangu.

Jikaze, urudi salama. Nakupenda hata ukiwa mwongo, ila usiwe.

Mama Pacha

*

Baharini, 30 Machi

Mama Pacha,

Mfuko wa barua umeingia jana kwa mara ya mwisho, na barua yako ilikuwa ndani. Kutoka hakuna. Hii simpi Miwani. Nampa rubani mmoja wa helikopta ambaye nilimwokolea begi lake lisisagwe na kreni, ameahidi kuituma akifika nchi kavu. Wakiikamata, mimi nimekwisha. Isome haraka.

Hatukupanga upya. Hakuna nafasi. Uliona mara moja, kama nilivyojua utaona. Mlangoni kuna seng'enge, magunia ya mchanga, masanduku ya risasi na machela mia na ishirini. Boti ya kwanza ina gari la deraya. Blanketi ziko pale pale nilipoziweka. Tunakwenda kuitwaa bandari.

Tarehe 12 Miwani aliniita, barua yako iko mezani, sentensi zako zimepigiwa mstari kwa penseli. Kumbe yeye alikuwa hajaelewa maana ya blanketi kukaa chini mpaka wewe ulipomweleza. Akaniuliza mke wangu anafanya kazi wapi na amejifunza wapi kusoma mpango wa meli. Nikamjibu. Ndiyo, ni mimi niliyewapa jina la ghala. Kisha akasema nichague. Ama nikutulize mimi, ama watakutuliza wao, na pacha watakaa na bibi yao mpaka jeshi lirudi. Ile barua ya tarehe 21 aliisoma aya kwa aya nikiiandika. Neno mpenzi ni lake, alisema linatuliza.

Nilijiambia kwamba huku nyuma yangu kuna watu elfu moja na mia mbili, na neno moja likivuka maji kabla yetu, wangapi hawatafika ufukweni. Nilijiambia pia kwamba tunashuka upande wa pili wa mji. Ndivyo nilivyoamini. Leo asubuhi nimepewa jedwali la boti ili nihakikishe mzigo. Ufukwe ni ule wa forodha.

Mwambie dada aondoke leo hii. Kwa lori, kwa miguu, Fundi Saa wamsukume kwenye toroli. Asisubiri Jumamosi.

Wameniweka kwenye boti ya pili, kusimamia upakuaji ufukweni. Nilikuahidi sishuki. Hilo nalo halikuwa kweli, tangu mwanzo.

Mimi

*

Nyumbani, 3 Aprili

Baba Pacha,

Sijapata barua yoyote tangu ile ya mpenzi. Redio jana mchana ilisema jeshi letu limetua salama na bandari "imerejea kwenye utulivu." Neno blanketi halikutajwa. Walitaja moshi.

Simu ya dada inaita, haipokewi. Nimepiga tangu jana mchana. Leo mchana imeacha hata kuita.

Nimekwenda langoni kwenye kambi yenu na wake wengine. Mlinzi anasema orodha ya askari itabandikwa kesho. Nikamuuliza orodha ya watu wa mjini inabandikwa wapi, akafunga lango.

Nimeshindwa kufanya kazi. Jana nimepakia lori la dawa kinyume, zahanati ya kwanza chini kabisa, mpagazi ndiye aliyeniambia. Najua sasa kwamba ulinidanganya. Sijui bado uongo huo umefanya nini.

Nijibu kama u hai.

Mama Pacha

*

Ufukweni, 7 Aprili

Mama Pacha,

Mimi ni mzima. Dada yako yupo hai. Nimeanza na hayo ili uweze kuendelea kusoma.

Sijui kama ile barua niliyompa rubani imekufikia; hii nawapa majeruhi wanaorudi, nayo haipiti kwa Miwani. Kama haijafika, kila nilichokuandikia tarehe 21 ni uongo, na mwongo ni mimi. Kama imefika, ilichelewa.

Nitakueleza kwa mpangilio, ndicho kitu pekee ninachokijua. Tarehe 2 asubuhi meli zilifungua milango. Helikopta zilitangulia kuwatoa wale wenye silaha kwenye ghala la forodha. Boti ya kwanza ikashusha gari la deraya na askari wa miguu. Ya pili nilikuwemo mimi, tukashusha seng'enge na magunia. Ya tatu risasi, ya nne machela. Kila kitu kilitoka kama kilivyopangwa, hakuna hata sanduku moja lililokwama. Kanali alinipigia saluti. Askari wetu tisa wameumia, hakuna aliyekufa. Yote hayo nilikuwa nayafanya nikiwa nimeupa mgongo mtaa wa nyuma ya forodha, maana nilijua nikigeuka sitaweza kuhesabu tena.

Blanketi tumezifikia siku ya tatu. Nikapangwa kugawa. Meza moja, rejista, kila nyumba blanketi mbili. Mstari ulianzia kwenye seng'enge yangu ukazunguka kona. Kwenye saa tano dada yako akafika mezani. Alikuwa na vumbi la chokaa kwenye nyusi na kiatu kimoja cha kwake, kimoja cha kiume. Nikasema, "Shikamoo, shemeji." Hakuitikia. Nikaweka blanketi mbili mezani. Akairudisha moja.

Akasema, "Moja inatosha."

Ukuta wa ghala la forodha uliangukia vyumba vya nyuma helikopta zilipolipiga. Yeye alikuwa uani anaanika nguo za wateja. Fundi Saa alikuwa mezani kwake. Wamemtoa jioni. Majirani wamemzika, mimi sikuwepo, nilikuwa napakua.

Hakulia mbele yangu. Aliuliza swali moja tu. "Mdogo wangu alijua?"

Nikamwambia hukujua. Nikamwambia mimi nilijua, na nilikudanganya wewe, na wewe ukamwambia ulichoamini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatia sahihi kwenye rejista yangu kwa herufi zake nzuri, akachukua blanketi, akaondoka. Mtu wa nyuma yake akasogea mbele.

Sikuombi kitu. Niliona bora umbakie dada yako, na dada yako akubakie wewe. Hicho ndicho nilichoweza kukitoa.

Wako, kama utataka

*

Nyumbani, 16 Aprili

Baba Pacha,

Barua zako mbili, ya tarehe 30 na ya tarehe 7, zimefika siku moja. Mtu wa posta amezitoa mkoba mmoja. Rubani wako ni mtu wa ahadi, ametuma, ila alituma alipofika nchi kavu kama alivyosema. Nilisoma kwanza ile inayosema dada aondoke leo hii, halafu ile ya blanketi moja.

Kuhusu wewe kuwapa jina la ghala langu, nimekasirika, na hasira hiyo ni kubwa. Ila siyo barua yake hii. Tutagombana ukija, uso kwa uso, pacha wakiwa shule.

Dada alinipigia juzi kwa simu ya kuazima. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. Akasema, "Mumeo ameniambia wewe hukujua. Kwa hiyo nimeamua nije kwako." Akasema alilala usiku mzima na wazo kwamba mdogo wake ndiye aliyemweka pale, na uliposema vile, pumzi zilimrudi. Akanishukuru, Baba Pacha. Alinishukuru mimi.

Nilikuwa nimesimama hapa hapa nilipokaa sasa. Nikajua umenipa nini, na nikajua umekitoa wapi, na nilikupenda kwa hilo kuliko miaka yote. Ningenyamaza, pangekuwa na amani. Wewe ungeubeba wote, mimi ningepika chai.

Lakini wewe ulimwambia kitu ambacho si kweli. Nilijua. Siyo kama unavyojua wewe, kwa jedwali na ufukwe. Nilijua kama mpanga mizigo. Meli iliyojaa haigeuzwi baharini. Nililiona hilo kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, kabla sijainua simu. Nikampigia kwanza nimwambie abaki, ndipo nikakaa kukuandikia kwamba hakuna nafasi. Angalia tarehe. Nilifanya hivyo kwa sababu nilichoka kukushuku. Nilitaka siku moja tu ya kuwa mke anayeamini, na siku hiyo nimeilipia kwa nafasi ya basi ya dada yangu.

Nimemwambia hivyo hivyo. Nimemwambia, "Dada, niliona uongo ulipo, nikauruka."

Nilisikia watu wakizungumza mahali alipo, na mtoto akikohoa. Kisha akasema atakuja hata hivyo, kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Anafika Jumamosi. Nimempisha chumba chetu, mimi nitalala na pacha. Redio inasema ninyi mnarudi mwisho wa mwezi. Usije ukaenda kambini kujificha. Njoo nyumbani mchana, upige hodi kama mgeni. Atakayekufungulia ni yeye. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake, na sitakusaidia kusema, maana na mimi bado sijapata la kumwambia.

Mkeo

Mama Pacha